Kabla ya kukata utepe, mtuonyeshe mtu wa mashine

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Kisangani, Lubumbashi, na ninyi mlio mbali,

Ile picha mnaijua. Inapita kwenye WhatsApp, leo ya huyu, kesho ya yule. Mtoto wa miaka kumi na mbili hivi amekaa kitandani, ameegemea mito mitatu, juu akilala chali pumzi inakatika. Miguu imevimba. Chini ya picha kuna namba ya M-Pesa au ya Airtel Money na maneno machache: "Tusaidieni, mtoto anapashwa kwenda India." Tunatuma falanga elfu mbili, elfu tano, kila mtu na uwezo wake. Tunapitisha picha kwa kundi lingine. Siku zinapita, kisha picha inabadilika: sasa ni mishumaa, na namba ya simu ni ileile.

Tumechoka kuanza kuchanga pesa ya ndege na kumaliza kwa kuchanga pesa ya sanduku. Njo maana mkubwa yeyote akisema kwamba siku moja upasuaji wa moyo utafanyika hapa kwetu, sisi tunafurahi. Lakini makofi hatujapiga. Juu ya nini? Juu tunajua tabia ya nchi hii. Tunanunua mashine, tunakata utepe, tunapiga picha, televisheni inaonyesha, kisha wakubwa wanapanda magari na mashine inabaki peke yake. Kitanda kikibaki peke yake kinapata vumbi. Mashine ya moyo ikiachwa kwa mtu asiyefundishwa, inaua, na inaua haraka.

Leo tuko na neno moja tu. Usalama wa mgonjwa anayepasuliwa moyo unategemea mtu anayekaa nyuma ya mashine, sheria anazofuata kila siku, na uhuru wake wa kusema "hapa tulikosea" bila kufukuzwa kazi. Kama hivyo vitatu havipo, msikate utepe.

Hii "perfizio" si ile chupa

Hapa kwetu ukisema "perfizio," kila mama anaona chupa ya serumu inayoning'inia juu ya kitanda. Ndani ya chumba cha kupasulia moyo, neno hilo ni kazi nyingine kabisa. Munganga anayetaka kutengeneza mlango wa ndani ya moyo, ile wanaita valvu, hawezi kushona kitu kinachorukaruka na kujaa damu. Mara nyingi inabidi moyo usimame. Lakini moyo ukisimama, ubongo unaanza kuharibika baada ya dakika nne au tano hivi. Na valvu haibadilishwi kwa dakika tano.

Kwa hiyo damu inatolewa nje ya mwili. Bomba linachukua damu nyeusi-nyeusi inayorudi moyoni, inaingia ndani ya chombo kama tangi, pampu inaisukuma, inapita kwenye kifaa kinachoondoa hewa chafu na kuipa oksijeni, inapozwa au inapashwa moto, inachujwa, kisha inarudishwa ndani ya mshipa mkubwa wa mwili. Kwa mtu mzima ni lita nne mpaka tano kila dakika, ni kusema karibu damu yake yote. Kwa saa moja, kwa saa mbili, wakati mwingine zaidi, kazi ya moyo wake na ya mapafu yake iko nje, mezani. Ana mashine, na ana mtu mmoja anayeiendesha. Wenyewe wanamwita perfuzionisti. Sisi tutamwita mtu wa mashine.

Jina la munganga aliyepasua familia italitaja kanisani siku ya shukrani. Jina la mtu wa mashine hakuna anayeliuliza. Na bado, sikilizeni hesabu hii.

Pampu ikisukuma lita tano kila dakika, na ndani ya tangi imebaki nusu lita tu, sawa na chupa ndogo ya maji, kisha bomba la kuleta damu likajikunja: tangi linaisha kwa sekunde sita. Ni muda wa kutoa simu mfukoni. Baada ya hapo pampu haina damu ya kusukuma, inaweza kusukuma hewa, na hewa ikiingia ndani ya mshipa mkubwa inapanda kwenye ubongo. Mtoto aliyeingia akitembea anaweza kutoka akiwa hawezi kumtambua mama yake.

Si hiyo tu. Damu ikigusa plastiki inataka kuganda, kwa hiyo mgonjwa anapewa heparini kwanza, na damu yake inapimwa: isigande kabla ya sekunde 400, na wengi wanadai 480. Ukisahau kupima, mabomba yanaweza kuziba katikati ya kazi. Bomba la oksijeni likichomoka, pampu inaendelea kuzunguka vizuri kabisa, kila mtu anaona damu inatembea, kumbe ni damu nyeusi inayorudi mwilini bila pumzi. Bomba la kunyonya likiwekwa kinyume kwenye pampu, linapuliza mahali pa kunyonya.

Kila moja ya hatari hizi inajulikana, na kila moja iko na kinga yake. Kuna kengele inayolia damu ikishuka ndani ya tangi. Kuna jicho linaloona puto la hewa ndani ya bomba na kusimamisha pampu. Kuna kipimo cha presha, na kuna valvu ndogo inayokataza hewa kurudi. Kuna betri. Kuna hata mkono wa chuma wa kuzungushia pampu kama vile watu walivyowasha magari ya zamani, kwa siku umeme unapokufa. Hakuna uchawi hapa. Swali ni kama vitu hivyo vipo, kama vimewashwa, kama vimejaribiwa asubuhi ileile, na kama kuna mtu anayejua kuvitumia.

Mwenye kuitengeneza naye alisimama

Mashine hii haikushuka toka mbinguni. John Gibbon, mpasuaji wa Marekani, aliitafuta kwa miaka karibu ishirini pamoja na mke wake Mary. Mgonjwa wao wa kwanza, mtoto mdogo, alikufa mwaka 1952. Tarehe 6 Mei 1953, kule Philadelphia, wakafunga tundu ndani ya moyo wa msichana wa miaka 18. Kwa dakika 26 mashine ilibeba kazi yote ya moyo na ya mapafu yake, na msichana akapona. Dunia nzima ikashangilia.

Wagonjwa wawili waliofuata walikufa mwaka huohuo. Gibbon alifanya nini? Alisimamisha kazi ile. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kutengeneza kitu aliweza kusema: ngoja, hapa watu wanakufa. Hakusema ni mapenzi ya Mungu. Hakutupa lawama kwa familia iliyochelewa kuleta mgonjwa. Wapasuaji wengine waliichukua kazi, wakaitengeneza tena, na leo upasuaji huo unafanyika kila siku katika nchi nyingi.

Tunawauliza wakubwa wetu: lini mlisikia hospitali yoyote hapa kwetu ikisema mbele ya watu, "tunasimama kwanza, tuangalie ni wapi tulikosea"?

Hata kwa matajiri

Kuna watu watatuambia: "Tukishapata pesa kama Ulaya, shida itaisha." Bongo hiyo. Tuwape habari ya Bristol, Uingereza.

Kati ya mwaka 1984 na 1995, hospitali moja kubwa ya mji ule ilikuwa inapasua mioyo ya watoto wadogo. Ilikuwa na mashine, na umeme, na madaktari wenye vyeti vya maana. Watoto walikuwa wanakufa kuliko mahali pengine. Munganga mmoja wa kulaza wagonjwa, Stephen Bolsin, aliona, akaanza kuhesabu, akawaambia wakubwa wake. Wakubwa hawakutaka kusikia. Mwishowe alihama na kwenda kufanya kazi Australia. Wazazi ndio waliokataa kunyamaza. Walipiga kelele mpaka serikali ikaweka tume, ikiongozwa na profesa Ian Kennedy. Ripoti ilitoka mwezi wa saba 2001. Ilisema kwamba kati ya 1991 na 1995 watoto 30 mpaka 35 wenye chini ya mwaka mmoja walikufa zaidi ya wale ambao wangekufa kwenye hospitali ya kawaida ya kazi hiyo. Tume ilitoa mapendekezo 198.

Ripoti haikusema kwamba watu wale walikuwa waovu, wala kwamba vifaa ndivyo vilivyoua. Ilionyesha kundi dogo la wakubwa waliojifungia, hesabu ambazo hakuna aliyekuwa na kazi ya kuziangalia, na mahali ambapo kusema ukweli kulimgharimu mwenye kusema. Hamuoni kwamba tunaijua ile hali? Tunaishi ndani yake.

Mfano mwingine ni wa juzi tu. Mashine ya moyo inaenda pamoja na tangi la maji linalopoza na kupasha damu moto. Maji yale hayagusi damu kabisa, kwa hiyo hakuna aliyeyaogopa. Lakini kuanzia Uswisi madaktari waliona wagonjwa waliopasuliwa moyo vizuri wakirudi baada ya miezi au miaka na ugonjwa wa kimelea kinachofanana kidogo na cha kifua kikuu. Wachunguzi walifuata nyayo: kimelea kilikuwa ndani ya maji, feni ya tangi ilikuwa inakirusha hewani, na hewa ilishuka juu ya kifua kilichofunguliwa. Nyayo zilifika mpaka kiwandani Ujerumani. Kama hospitali zisingekuwa na daftari la kuandika nani alipasuliwa lini na kwa mashine gani, hakuna mtu angejua. Wangesema tu: homa.

Na hapa kwetu? Mgonjwa akirudi na homa baada ya miaka miwili, nani ana daftari la kumkumbuka?

Karatasi moja ya Ifakara

Sasa msikate tamaa, juu kuna habari nzuri, na haitoki mbali. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi moja yenye mambo 19 ya kuhakikisha kwa sauti ndani ya chumba cha upasuaji: mgonjwa ni huyu kweli? Tunapasua wapi? Damu ipo? Kila mtu amesema jina lake na kazi yake? Vitambaa vyote vimehesabiwa? Ilijaribiwa kwenye hospitali nane za miji minane. Kulikuwa London, Seattle na Toronto. Na kulikuwa Ifakara, Tanzania, wilayani, mahali ambapo lugha ni hii yetu. Matokeo yalitoka mwanzoni mwa 2009: vifo vilishuka toka asilimia 1.5 mpaka 0.8, na madhara makubwa toka asilimia 11 mpaka 7.

Karatasi. Haiombi mazutu, haiombi kodi ya forodha. Inaomba kitu kimoja kigumu: mkubwa asimame na kumsikiliza muuguzi anaposema "daktari, tungoje." Watu wa mashine nao wako na karatasi yao, ndefu zaidi, wanayoisoma kabla damu haijatoka mwilini: chupa ya oksijeni ya akiba imejaa? Betri ina moto? Kengele zimewashwa? Mkono wa kuzungushia uko wapi? Heparini imeingia, na nani ameona namba? Kule Australia na New Zealand watu wa kazi hiyo wameweka hata mahali pa kuandika makosa na mambo yaliyotaka kuwa makosa, bila kutaja jina la mtu, ili anayefanya kazi mji mwingine asirudie.

Afrika hiihii inaweza. Khartoum, shirika la Emergency la Italia lilifungua Salam Centre mwaka 2007, hospitali ya kupasua moyo bure, na ikapokea wagonjwa toka nchi nyingi za Afrika. Dar es Salaam kuna taasisi ya moyo ya serikali yenye jina la Jakaya Kikwete. Hatuombi mwezi ushuke chini.

Turudi kwetu

Wenzetu wawili wa kundi letu walikwenda kumuangalia mama mmoja hospitalini, jina la hospitali tunaliacha. Alikuwa amepasuliwa tumbo, si moyo. Saa mbili ya usiku umeme ukakatika. Jenereta ilikuwepo, ikapigwa, ikakohoa, ikanyamaza: mazutu yalikuwa yameisha na mwenye ufunguo wa depo alikuwa amerudi nyumbani. Muuguzi akaendelea kwa tochi ya simu. Alikuwa hajalipwa miezi. Hatumlaumu, tunamvulia kofia. Mama alipona. Lakini wenzetu walirudi wakiulizana: kama kifua chake kingekuwa wazi na damu yake iko ndani ya mabomba, tochi ya simu ingesaidia nini?

Njo maana tunakasirika tukisikia usalama unaitwa "jambo la kitekiniki." Si la kitekiniki, ni la siasa. Nani anaweka saini ya kununua mazutu ni siasa. Nani anatumwa kusomea kazi ya mashine, mwenye akili ama mtoto wa ndugu, ni siasa. Kama muuguzi anayesema ukweli anahamishwa porini, hiyo ni siasa. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Kule Abuja, mwaka 2001, viongozi wa Afrika waliahidi kuweka asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Maneno yapo. Tunadai matendo.

Watakachotujibu

Watasema: "Watu wanakufa na malaria na kolera, ninyi mnaongea mambo ya moyo?" Tunajibu: hamkufuata. Umeme usiokatika, oksijeni iliyojaa, damu iliyopimwa, karatasi inayosomwa kwa sauti, daftari la makosa: vitu hivyo ndivyo vinavyomuokoa mama anayejifungua na mtoto wa malaria anayekosa damu. Hospitali inayoweza kutunza mashine ya moyo salama inaweza kutunza kila mtu. Na isiyoweza kutunza jenereta, isitudanganye na mashine ya moyo.

Tena moyo wa watoto wetu wengi unaharibika juu ya ugonjwa wa koo usiotibiwa. Koo linauma, mzazi anatoa chumvi na maji ya moto, linapita. Kwa baadhi ya watoto, hasa kati ya miaka 5 na 15, wiki chache baadaye viungo vinavimba, homa inapanda, na ugonjwa unakula valvu za moyo. Penisilini inaweza kuzuia. Mtoto aliyekwisha kuguswa anahitaji sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka, ili valvu zisiendelee kuharibika. Nchi za dunia zilikubaliana juu ya vita hii mwaka 2018 ndani ya mkutano wa Shirika la Afya Duniani. Kila sindano inayokosekana kwenye kituo cha afya leo ni kifua kitakachohitaji kufunguliwa kesho.

Watasema tena: "Bora kidogo kuliko bure. Tuanze hivyohivyo." Hapana. Kuna kazi za kuanza hivyohivyo: barabara ya kata, shule ya mbao. Hii haimo. Damu ya mtu haitoki nje ya mwili hivyohivyo. Kama bado hatuko tayari, leta iendelee kulipa safari ya wagonjwa, na ilipe kwa orodha inayoonekana, si kwa simu ya mkubwa. Wakati huo itume vijana wetu wakasomee.

Na watasema: "Mnatisha watu." Anayetisha watu ni yule anayewaficha. Sisi tunataka mama ampeleke mtoto wake bila woga, na woga unaondoka pale mtu anapojua.

Tunachodai

Kwa wizara ya afya, kwa serikali za mikoa, na kwa kila hospitali, ya leta, ya kanisa au ya mtu binafsi, inayotaka kufungua kifua cha Mkongomani:

1. Watu kabla ya chuma. Kwa kila upasuaji, mtu wa mashine mmoja aliyesomea na mwingine tayari kumpokea. Vyeti vyao vionekane, mishahara yao ilipwe kila mwezi. Munganga akija toka nje kwa wiki moja, asaini kwanza kwamba anafundisha mtu wa hapa. Na bajeti ya mashine iwe na ndani yake bajeti ya fundi na ya vipuri, juu bila hivyo mashine haina miaka mitatu.

2. Moto na pumzi ya akiba. Betri, jenereta yenye mazutu na ufunguo unaojulikana uko kwa nani, oksijeni ya pili karibu na mashine. Na mazoezi: mara kwa mara, bila mgonjwa, zimeni umeme makusudi na muone timu inafanya nini ndani ya dakika moja. Afadhali kuaibika siku hiyo.

3. Karatasi isomwe kwa sauti, kila mara, na isainiwe. Hakuna kengele inayozimwa kwa sababu "inasumbua." Na mtu wa mashine awe na haki ya kusema "hatuanzi," hata kama mpasuaji ni profesa.

4. Daftari la makosa. Anayeandika kosa lake asiadhibiwe kwa kuliandika. Anayelificha, huyo aulizwe. Na familia iambiwe ukweli siku hiyohiyo, kwa lugha inayoisikia.

5. Hesabu mezani. Kila mwaka tuambiwe: wangapi walipasuliwa, wangapi walikuwa hai baada ya siku 30. Timu inayopasua wagonjwa wachache sana mkono wake unasahau, kwa hiyo msitupe vituo vitano vya kisiasa mahali pa kimoja kinachofanya kazi.

6. Penisilini kwenye kila kituo cha afya, bila kukatika.

Na wewe unayesoma hapa

Usingoje wizara. Kama una ndugu anayeandaliwa kupasuliwa moyo, hapa ama nje ya nchi, nenda na maswali manne, uulize kwa adabu: Nani ataendesha mashine, na amesomea wapi? Umeme ukikatika mnafanya nini? Mwaka uliopita mlipasua wangapi, na wangapi walirudi nyumbani? Kukitokea kosa, nani atatuambia? Hospitali nzuri haitakasirika. Itakujibu, na pengine itakuonyesha ile betri. Ikikasirika, umekwisha kupata jibu.

Kama wewe ni muuguzi, fundi, mwanafunzi wa udaktari, na umeona kitu, andika tarehe, andika saa, tunza. Stephen Bolsin alianza kwa kuhesabu tu. Na kama una mdogo nyumbani anayelalamika koo na homa, usimalizie kwa chumvi. Mpeleke aonekane.

Sisi tutaendelea kuchanga kwa kila picha inayopita, juu mtoto hawezi kungoja siasa. Lakini siku wakubwa watakapotualika kwenye sherehe ya mashine mpya, tutakuja, wengi, tumevaa vizuri, na tutauliza mbele ya kamera swali moja: mtu wa mashine yuko wapi? Aje mbele, aseme jina lake. Akija, tutampigia makofi yeye wa kwanza, kabla ya waziri.

Asipokuwepo, mkasi urudishwe mfukoni.